Shinikizo la damu: Moyo hulaumiwa bure, usukani umo mikononi mwa neva na figo

MSURURU wa malori katika barabara inayoelekea Malaba si jambo geni kwa wakazi wa mpaka wa Kenya na Uganda. Mnamo Januari 2022, madereva walipolalamikia ada ya kupimwa virusi vya corona upande wa Uganda, foleni hiyo ilirefuka kwa makumi ya kilomita, na wengi wao wakakesha garini kwa siku kadhaa.

Hata msukosuko kama huo usipokuwapo, dereva anayefika Malaba au Busia huwa amesafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka bandari ya Mombasa. Usingizi ameupata kwa vipande vipande. Chakula amekinunua vibandani, nacho mara nyingi kimekolezwa chumvi. Pengine ametafuna miraa ili asisinzie, na kumeza tembe za kutuliza maumivu ya mgongo.

Siku anapopimwa na kukutwa shinikizo la damu limepanda, wenzake humwambia kwamba hayo ni mawazo tu, na kwamba akipumzika nyumbani yatakwisha. Wengine hudai kwamba moyo wake ndio uliochoka. Kauli hizo zina chembe ya ukweli, lakini zinaacha nje kiungo ambacho ndicho mara nyingi huamua iwapo shinikizo litashuka au litabaki juu kwa miaka. Kiungo hicho ni figo.

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu hutumia kusukuma kuta za mishipa inamopita. Mtu mzima ambaye vipimo vyake hufikia 140 kwa 90 au zaidi, katika siku tofauti, huhesabiwa kuwa na ugonjwa huu. Nguvu hiyo hutegemea mambo mawili makuu, yaani kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, na wembamba wa mishipa inayoipokea. Neva huyabadilisha yote mawili kwa sekunde chache. Figo nazo huyabadilisha polepole, kwa saa, siku na majuma.

Kazi ya neva

Katika mishipa mikubwa ya shingo, na katika ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, mna vihisio vinavyopima mtanuko wa kuta za mishipa kila moyo unapopiga. Habari hizo hupelekwa kwenye shina la ubongo. Dereva anapoteremka kutoka kwenye lori baada ya kuketi kwa saa nyingi, damu huelekea miguuni. Kabla hajahisi kizunguzungu, ubongo huwa umekwisha kuamuru moyo uongeze kasi na mishipa ijibane.

Neva zinazopeleka amri hiyo zinaweza kuitwa neva za tahadhari. Ndizo zinazofanya kazi mbuzi anaporuka ghafla barabarani, na ndizo zinazoziamsha tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini. Hatari ikipita, neva za utulivu hushika zamu na mwili ukarejea katika hali yake.

Taabu huanza tahadhari isipozimwa. Kukosa usingizi, hofu ya kuibiwa mzigo na miraa, ambayo kemikali zake huzichochea neva hizohizo, humweka mtu katika hali ya vita mchana na usiku. Kwa kawaida shinikizo hushuka kwa angalau asilimia 10 mtu anapolala. Asiyelala huikosa nafuu hiyo. Isitoshe, shinikizo likikaa juu kwa muda mrefu, vihisio vya shingoni hukizoea kiwango hicho kipya na kukitetea kana kwamba ndicho cha kawaida.

Figo hukaza fundo

Hata hivyo, neva pekee hazielezi kwa nini mtu hupumzika mwezi mzima nyumbani na bado vipimo vyake viko juu. Jibu linatafutwa katika figo, ambazo huchuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku na kuyarudisha karibu yote mwilini. Ni lita moja au mbili tu zinazotoka kama mkojo.

Figo yenye afya hutenda kama mlango wa bwawa. Shinikizo likipanda, huachilia chumvi na maji zaidi hadi mambo yatulie. Mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, Arthur Guyton wa Chuo Kikuu cha Mississippi, alijenga hoja yake juu ya jambo hilo. Kwa mujibu wake, shinikizo haliwezi kubaki juu kwa muda mrefu ila figo ziwe zimebadilisha kiwango ambacho huanza kuachilia chumvi.

Figo pia zina silaha yake. Mnamo 1898, Robert Tigerstedt na msaidizi wake Per Bergman, mjini Stockholm, waliwadunga sungura maji yaliyokamuliwa kutoka kwa figo za sungura wengine, na shinikizo la damu likapanda. Kitu walichokigundua walikiita renini. Leo inafahamika kwamba renini huanzisha mfululizo wa hatua zinazozalisha anjiotensini, kemikali inayobana mishipa. Anjiotensini nayo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni ya aldosteroni, ambayo huzifanya figo zing'ang'anie chumvi. Chumvi huvuta maji, na damu huongezeka ujazo.

Mifumo hii miwili haifanyi kazi mbalimbali. Neva za tahadhari zina matawi yanayofika hadi kwenye figo, na zikichochewa huziamuru zitoe renini na kuzuia chumvi. Figo zilizodhurika nazo hupeleka ishara kwenye ubongo na kuzidisha tahadhari. Shinikizo hilo hilo huharibu mishipa myembamba ya figo, na figo zilizoharibika hulipandisha tena. Fundo hujikaza lenyewe.

Kutokana na maarifa hayo, madaktari wamebuni njia ya kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa na kuziunguza neva za figo. Jaribio kubwa la mwaka 2014 halikuonyesha manufaa ya kutosha, lakini baada ya majaribio mengine, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha vifaa vya kazi hiyo mnamo Novemba 2023. Nafuu yake ni ya wastani, na wengi bado huhitaji tembe.

Ushahidi wa nyumbani

Kenya yenyewe imeipa dunia ushahidi muhimu kuhusu suala hili. Katika miaka ya 1980, watafiti wakiongozwa na Neil Poulter waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa nchi kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la British Medical Journal. Shinikizo la waliohama lilikuwa limepanda muda mfupi tu baada ya kufika jijini. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi kwa kulinganishwa na potasiamu, na mapigo yao ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi. Kwa maneno mengine, dalili za figo na za neva zilijitokeza pamoja.

Somo hilo linaigusa meza ya Busia. Chumvi ya dukani ni sodiamu, na Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Magadi yanayolainisha mboga nayo ni sodiamu, ingawa wengi hawayahesabu kuwa chumvi. Munyu wa asili unaochujwa kutoka kwa majivu ya mimea una potasiamu kwa wingi. Hata hivyo, potasiamu huwa hatari kwa mtu ambaye figo zake zimekwisha kudhurika, hivyo mgonjwa wa aina hiyo hana budi kumuuliza daktari kwanza.

Aidha, tembe za maumivu kama vile dikilofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo na kuzifanya zizuie chumvi. Anayezimeza kila safari huwa anakipandisha kile ambacho dawa za shinikizo zinajaribu kukishusha.

Kwa kuwa fundo lina kamba mbili, matibabu nayo mara nyingi huhitaji zaidi ya dawa moja. Zipo zinazopunguza makali ya neva, zinazozuia nguvu ya anjiotensini, zinazolegeza mishipa, na zinazozisaidia figo kutoa chumvi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Anayeacha dawa kwa sababu kichwa hakimuumi tena hujidanganya, kwani shinikizo lililoshuka ni kazi ya dawa, si ishara ya kupona. Anayenunua dawa leo Kenya na kesho Uganda naye anafaa kubeba kadi iliyoandikwa jina halisi la dawa na kipimo chake, maana jina la kibiashara linaweza kubadilika akivuka mpaka.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa. Figo nazo haziumi zinapoanza kuharibika. Hivyo basi, mbali na kupimwa mkono, mgonjwa anafaa kuomba mkojo wake uchunguzwe iwapo una protini, na damu yake ipimwe kiwango cha kreatinini. Vipimo hivyo huonyesha mapema kama figo zimeanza kudhurika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa figo hujengwa kwa gharama ya kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kila wiki.