Orijino Haitengenezwi, Hutafutwa

Swali ni lile lile, anayebadilika ni muulizaji: "Fundi, ni app gani inarudisha picha ya WhatsApp iwe orijino?" Naulizwa kaunta, naulizwa kwa simu saa nne usiku, na siku hizi swali linakuja na jibu lake tayari: "Kuna moja nimeiona TikTok, inasafisha mpaka vinyweleo vinaonekana. Wewe nichapie tu." Mara nyingi picha yenyewe ni ya marehemu. Mazishi ni kesho, familia inataka fremu ya A3 na fulana za kamati, na picha iliyopo imeshapita makundi matatu ya ukoo kabla ya kunifikia.

Nijibu hapa, ili wa kesho asome kabla hajapiga simu: app hiyo haipo. Haipo ya bure, haipo ya kulipia, na hizi za akili mnemba ndizo kabisa. Picha ya asili haitengenezwi kutoka kwenye nakala, hutafutwa. Na mara nyingi ipo, imelala kwenye simu ya binamu aliyeipiga, wakati nyinyi mnahangaika kuitafuta kwenye duka la app.

Tuanze na kilichopotea. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani nukta milioni 12. WhatsApp ikiituma kwa ubora wa kawaida huishusha hadi pikseli kama 1600 kwa upande mrefu. Zidisha 1600 kwa 1200: hazifiki hata milioni mbili. Nukta milioni kumi zimetupwa. Hazikukunjwa mahali zikingoja kukunjuliwa, zimetupwa. Sasa karatasi ya A3 ina urefu wa sentimita 42. Kwa picha ya kutazamwa kwa karibu, sisi wachapaji tunapenda nukta 300 kwa kila inchi. Nakala yako inanipa 97.

Hapo nimesema idadi tu. Hizo zilizobaki nazo zimebanwa upya kwa JPEG, utaratibu uliopitishwa mwaka 1992 na unaotumika hadi leo. Hugawa picha katika vimraba vya pikseli 8 kwa 8, kisha hupunguza undani ule ambao jicho halitaukosa sana, na rangi ndiyo inayopunjwa zaidi. Mara nyingi pikseli nne hugawana rangi moja. Chukua picha ya WhatsApp ya mama aliyejifunga kanga nyekundu yenye maandishi meupe, uikuze: wekundu umevuka ukingo na kuingia ndani ya herufi. Tazama kofia ya kiua ya mzee aliye pembeni yake. Vile vitobo vilivyoshonwa kimoja kimoja kwa wiki kadhaa vimekuwa madoa ya kijivu. Hakuna mashine inayojua tena palikuwa na vitobo vingapi. Ukiyatia machicha maji mengine utapata maji meupe, lakini tui la kwanza limeshakwenda.

"Mbona basi app inatoa picha kali?" Inatoa kwa sababu inachora. Imelishwa picha za nyuso nyingi mno, ikajifunza jicho huwaje na ngozi huwaje, na ukiipa uso uliofifia inachora uso unaoelekea kufanana na ule. Haikumbuki uso wa mjomba wako kwa sababu haijapata kuuona.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu iitwayo PULSE, yenye kazi ya kuzalisha sura kali kutoka kwenye picha yenye pikseli chache. Watu mitandaoni wakaipa picha ya Barack Obama iliyofifishwa, ambayo mtu yeyote anayefuata habari angeitambua. Ikawarudishia mzungu. Na wala haikuwa imeharibika. Kazi yake ni kubuni sura ambayo ukiififisha itafanana na ile uliyoipa, na sura za namna hiyo zipo nyingi. App za leo zinachora vizuri zaidi, lakini zinachora vilevile.

Matokeo yake nayaona mezani kwangu. Niliwahi kuletewa picha "iliyosafishwa" ya bibi ambaye ukoo mzima ulimjua kwa mwanya wake. App ilikuwa imeuziba mwanya, imemfuta chale za shavuni na kumpachika kope ndefu. Binti yake akaigeuza simu kuelekea mwanga, akaangalia, akauliza, "Huyu nani?" Swali la haki kabisa, kwa sababu mtu huyo hajawahi kuzaliwa. Afadhali picha hafifu ya bibi mwenyewe kuliko picha kali ya mtu mwingine. Nakala ikiwa ndiyo pekee iliyobaki, ichape ndogo. Pikseli 1600 zinatoa sentimita 13 safi kabisa, na ndani ya fremu yenye ukingo mpana wa karatasi nyeupe inapendeza.

Tena madhara hayaishii kwenye fremu. Picha iliyosafishwa huhifadhiwa kwenye galari kando ya nyingine, na baada ya mwaka hakuna anayekumbuka ipi ni ipi. Kwa kuwa app imeikuza hadi megabaiti nane, mtu anaitazama na kusema, "Hii ndiyo kubwa, basi ndiyo orijino." Hapo ndipo uzushi unapopata cheo.

Na cheo hicho kina uzito. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa kielektroniki, itazame jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotunzwa usiharibiwe. Picha ya mpaka wa kiwanja iliyopitishwa kwenye app ya urembo itakuwa na maswali mengi ya kujibu. Wapiga picha wa habari hawahitaji kuambiwa hilo. Kwenye shindano la World Press Photo la mwaka 2015, waandaaji walidai mafaili ya asili ili wayalinganishe na picha zilizoshindanishwa, na takriban moja kati ya kila tano zilizofika raundi ya karibu na mwisho ikaondolewa kwa sababu ya uhariri uliopita kiasi.

Basi utaijuaje ya asili? Watu hutegemea dalili tatu, na zote tatu huwadanganya. Ya ukubwa nimeshaisema. Ya pili ni tarehe ya faili: ile unayoiona kwenye kompyuta mara nyingi ni siku faili lilipohaririwa mwisho au lilipohamishiwa hapo. Picha ya harusi ya 2016 uliyoipakua jana inaweza kuonekana ni ya jana. Hata jina la IMG-20240817-WA0012 halisemi picha ilipigwa tarehe 17 Agosti 2024. Linasema siku hiyo ilipita WhatsApp kwenye simu yako, ikiwa ya kumi na mbili au zaidi kidogo. Ya tatu ni namba ya kamera. Kamera nyingi huhesabu hadi 9999, kisha huanza tena 0001. Mpiga picha wa harusi anaweza kumaliza mzunguko huo mapema kuliko unavyodhani, na akabaki na DSC_0431 mbili za bibi harusi wawili tofauti. Akizimimina zote kwenye folda moja na kubonyeza "badilisha", mmoja wao hana picha tena.

Dalili zenye maana zimo ndani ya faili lenyewe. Fungua picha, nenda kwenye maelezo yake. Picha iliyotoka kwenye kamera hubeba taarifa ziitwazo Exif: aina ya kamera, siku na saa ya kupigwa, kasi ya shata, mara nyingine hata mahali. WhatsApp huziondoa picha inapotumwa kama picha. Ukikuta pikseli 1600, hakuna jina la kamera wala saa ya kupigwa, umeshika nakala. Ukikuta pikseli kamili na taarifa zote, umekaribia, ila usishangilie bado, kwa sababu programu nyingi za kuhariri huziacha taarifa hizo zilivyo. Linganisha na picha zilizopigwa kabla na baada yake kwenye simu ileile: vipimo vilevile, mtiririko wa namba uleule, pembe hazijakatwa.

Kabla sijasahau, uvumi mwingine niuue upesi: kufungua picha mara nyingi hakuichakazi, wala kuinakili kwenda kwenye flashi. Kinachoichakaza ni kuihariri na kuihifadhi upya kama JPEG, tena na tena.

Wenye iPhone mna bahati msiyoijua. Ukihariri ndani ya app ya Picha, ya asili inabaki chini yake na unaweza kuirejesha hata baada ya miaka. Ukihamishia picha kwenye kompyuta kwa waya unaweza kukuta IMG_2045, IMG_E2045 na kifaili kidogo cha AAE. Yenye E ndiyo iliyohaririwa. AAE ni maelezo ya uhariri, si virusi, acheni kuifuta. Google Photos nayo hukuwezesha kurudi kwenye ya asili kama ulihariri humohumo na hukuifuta. Lightroom, programu ya kuhariri kwenye kompyuta, haigusi faili la asili kabisa: huandika mabadiliko kwenye katalogi yake, na ndiyo maana ukihamisha folda nje ya programu inakuulizia picha zimekwenda wapi.

Sasa ya kufanya, na nitakwenda mbio kwa sababu hapa hapana ubishi.

Kuitafuta: anza na aliyepiga, si aliyekutumia. Mwombe atazame folda ya kamera, si folda ya picha alizotuma ndani ya WhatsApp, maana hiyo inatunza ileile iliyobanwa. Aangalie na wingu lake, simu yake ya zamani iliyopasuka kioo, memori kadi ya kamera, na kapu la taka: iPhone hutunza zilizofutwa siku 30, na Google Photos siku 60 kwa zile zilizokuwa zimepakiwa kwenye wingu. Kama ni mpiga picha wa kulipwa, mpe tarehe na ukumbi. Usimwambie "ile ambayo nimevaa bluu".

Kuipokea: itumwe kama nyaraka, si kama picha. Bonyeza klipu, chagua nyaraka, chagua faili, nalo litafika kama lilivyo. Kitufe cha HD kilicholetwa mwaka 2023 kimepunguza hasara, hakijaimaliza, na ukikibonyeza juu ya nakala iliyokwishabanwa hakirudishi kitu. Telegram nayo hubana usipotuma kama faili. Kiungo cha Google Drive, waya au flashi, vyote vinafaa.

Kuipanga: folda moja kwa tukio, jina lianze na mwaka, mwezi, siku, kwa mfano 2024-08-17_harusi_Tanga. Ukianza na siku, kompyuta itaweka Agosti ya mwaka huu kando ya Agosti ya mwaka juzi. Ndani yake weka tatu: Asili, Kazi, Kutuma. Kwenye Asili hapahaririwi kitu. Fungua, nakili kwenda Kazi, hariri huko. Nakala iliyohaririwa ibaki na namba ya mama yake na kijina cha kazi: 0431_A3, 0431_fulana, 0431_status. Siku ukitaka ya asili, tafuta 0431 ndani ya folda hiyo, zitakuja zote na utajua ipi ilizaa ipi. Majina kama "final", "final mpya" na "final kabisa" ni kujitafutia ugomvi.

Kwa picha nyingi tumia digiKam, ya bure, inayoweza kuonyesha ya asili na matoleo yake kama kundi moja. Programu za kufuta picha zinazojirudia zitumie kwa tahadhari: zinazolinganisha yaliyomo kwenye faili baiti kwa baiti ni salama, ila zinazotafuta "zinazofanana" zinaweza kukushauri ufute ya asili na kubakiza iliyong'arishwa.

Kuitunza: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikae nje ya nyumba. Kanuni hiyo ilienezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, na sijaona iliyo bora zaidi. Ukitumia Google Photos chagua ubora wa asili, si kuokoa nafasi, na kumbuka gigabaiti 15 za bure picha zako zinagawana na barua pepe zako.

La mwisho ni kwa wanaoandaa harusi na wenye wazee nyumbani. Muulizeni mpiga picha kabla ya kumlipa, si baada: mafaili ya asili atayatunza miezi mingapi, na atawapa kwenye flashi? Studio hazina ghala lisilojaa. Diski ikijaa, harusi ya zamani hufutwa ipishe ya Jumamosi hii. Na babu apigwe picha nzuri leo, kwa kamera ya nyuma, nje kivulini, kisha faili liingie kwenye folda yake usiku huohuo. Mkifanya hivyo, siku mtakayokuja kwangu kwa fremu nitauliza kitu kimoja tu: matte au glosi.