Iache Kadi ya Shemeji

Swali huja kwa sura ileile, awe muulizaji anakwenda Nairobi kwa semina au Dar es Salaam kwa harusi: nitapataje kadi ya maktaba ya mji ule, nami nakaa siku nne tu? Na karibu kila mara amekwisha kupewa jibu na fundi wa mtaani: azima kadi ya mwenyeji wako. Ushauri huu umeenea kiasi kwamba watu wazima wenye elimu zao hufika kaunta na kadi ya shemeji mkononi, jina si lao, picha si yao, jasho linawatoka kama wavukao mpaka bila pasi. Sisi wakutubi tumelijibu kwa upole mara nyingi mno. Leo upole utasubiri nje, kwa sababu swali lina kosa na dawa yake ina kosa kubwa zaidi.

Kosa la swali ni kuchanganya kusoma na kuazima. Kadi ni dhamana, basi. Kitabu kikitoka mlangoni, maktaba inataka kujua kimekwenda kwa nani, anakaa wapi, na nani atakilipia kikipotea. Ndiyo maana fomu ya uanachama huuliza anwani, hudai picha na mara nyingi mdhamini. Kitabu kinachosomewa ndani hakina haja ya hayo yote. Asiyeamini aende Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, jengo alilolifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967, atazame meza zake siku ya kazi. Wengi waliokaa pale ni wanafunzi waliokuja na madaftari na vitabu vyao wenyewe. Hawajaazima kitu, wala hawana mpango huo. Wamefuata kiti, taa na mahali ambapo hakuna redio ya jirani. Ikiwa ukumbi mzima umejaa watu wasioazima, mgeni anajikatazia nini kwa kukosa kadi ya kuazimia?

Sasa tuje kwenye hiyo dawa. Kadi ya maktaba ni mkataba wa mtu mmoja, na deni lake ni la mtu mmoja. Ukichukua riwaya kwa jina la shemeji, ukaisahau kwenye begi hadi Mwanza, anayepigiwa simu ni yeye, anayetozwa faini ni yeye, na ukienda zako kimya anayenyimwa huduma mwakani ni yeye. Umemwekea mwenyeji wako deni kwa ajili ya kitabu ambacho ungekimaliza kwa mikao miwili palepale ukumbini. Tena jiulize msafiri wa siku nne anakipeleka wapi: hotelini, akalale nacho? Lakini hata tukiweka kando deni na udanganyifu, dawa hii haifiki kwenye ugonjwa. Vitu ambavyo mgeni angepaswa kuvifuata katika maktaba ya mji asioujua havitolewi nje kwa mtu yeyote, awe mgeni au mzaliwa wa mtaa wa pili. Magazeti ya zamani yaliyojalidiwa, ramani, vitabu vya rejea, machapisho ya nchini yaliyochapwa nakala chache yakaisha madukani: hayo yote husomewa ndani. Katika jengo la Maktaba ya Umma ya New York lililoko Fifth Avenue, lililofunguliwa mwaka 1911, watalii huingia bure bila kuulizwa kadi, na hazina yake ya utafiti husomewa humo humo. Kwa hiyo kadi ya shemeji inakufungulia rafu ya vitabu ambavyo ungevipata hata kwenu, na inakuacha palepale mbele ya rafu iliyostahili nauli yako.

Najua pingamizi linalokuja: mbona British Library ya London inadai kadi ya msomaji kabla ya kukuingiza vyumba vya kusomea, na Library of Congress ya Washington vilevile? Kweli. Ila zile ni maktaba za taifa za utafiti, kadi zao hutolewa kwa jina lako na kitambulisho chako, na si za kupeleka kitabu nyumbani. Kadi ya mwenyeji pale haina kazi hata kidogo. Maktaba ya umma ya mji ni jambo jingine. Ile ya Boston imechonga katika jiwe juu ya mlango wake wa 1895 kwamba ni bure kwa wote, na sijui mwenye shaka atachongewa nini zaidi.

Watasema tena kwamba huku kwetu maktaba nyingine hutoza ada ya siku mlangoni. Hutoza, nami ningependa zisitoze, maana hata ilani ya UNESCO kuhusu maktaba za umma inataka huduma iwe bure kimsingi. Lakini ada ya siku si uanachama. Lipa, chukua risiti, ingia. Hofu yenyewe ya kuingia bila kadi nadhani ina mizizi mirefu kuliko ada. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, ile yenye nguzo nene na simba wa mawe pale Banda Street, ilifunguliwa mwaka 1931, na hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Jengo lililojengwa ili kumzuia mtu halimkaribishi siku moja kwa kubadilishiwa kanuni, na wazee waliofukuzwa mlangoni hawakuwafundisha watoto wao kuuzoea. Hiyo ni sababu ya kueleweka. Ila sasa kanuni imekwisha kubadilika kwa zaidi ya miaka sitini.

Pingamizi pekee linalonifanya nitulie ni la viti: mgeni anakalia kiti cha mwanafunzi. Karibu na mitihani ya Oktoba na Novemba hoja hii ina uzito, na anayeingia ili achaji simu na kupoa kwenye feni apishe. Anayekuja kusoma hamdhulumu mtu. Jina lake kwenye daftari la mlangoni huhesabiwa pamoja na mengine, na hesabu hiyo ndiyo tunayokwenda nayo tukiomba bajeti.

Haya, ya vitendo, upesi upesi. Piga simu kwanza, kwa kuwa majengo ya zamani hufungwa kwa ukarabati na Jumapili si ya kutegemea. Njoo asubuhi. Beba kitambulisho chako mwenyewe, kalamu na karatasi. Begi litabaki kwenye kaunta ya mizigo, pesa na simu usiziache humo. Usipige picha kabla ya kuuliza. Vitabu ulivyotumia viache mezani, usivirudishe rafuni, utaviweka mahali pasipo pake. Ukiwa Nairobi usiishie katikati ya mji: McMillan ina matawi Kaloleni na Makadara, yote mawili yamekarabatiwa, na huko ndiko utaona mtaa ukitumia maktaba yake. Ukiwa Dar, kumbuka kwamba kwa sheria ya 1975 Bodi ya Huduma za Maktaba hupokea nakala za machapisho yatolewayo nchini, kwa hiyo kitabu ulichoambiwa Kariakoo kimekwisha kinaweza kuwa pale Maktaba Kuu. Ukifika kaunta usiulize habari ya kadi. Uliza wana nini kuhusu mji huu ambacho hakiuzwi dukani, kisha mpe mkutubi dakika tano akaangalie ghalani.