JE, WAJUA? Nakala moja haitoshi

Je, wajua kuwa…

• Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais wa Tanzania, alichapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka 2019? Julai 2020 alifariki, akazikwa kijijini kwao Lupaso, Masasi. Ya kuhifadhiwa huhifadhiwa mapema.

• Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala akiwa na fonografu, akanasa nyimbo kwenye silinda za nta? Nta hulika kila inapochezwa. Ndiyo maana hifadhi ya sauti ya Berlin ilikuwa ikitoa kalibu za shaba kutoka silinda za aina hiyo. Nta ya kwanza iliharibika katika kazi hiyo, lakini kalibu moja ilizaa nakala nyingi. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza hazina ya Berlin katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

• Snapshoti ya kompyuta hainakili mafaili yote upya? Huweka alama ya hali ya diski kwa wakati huo. Ukibadilisha hesabu, katika mifumo mingi data mpya huandikwa mahali pengine na ya zamani haiguswi. Kwa hiyo humalizika kwa sekunde chache, na mwanzoni hula nafasi ndogo sana.

• Karani wa chama cha ushirika cha mazao (AMCOS) akifuta kwa bahati mbaya safu nzima ya kilo za korosho saa nane mchana, anaweza kurejea kwenye snapshoti ya saa saba? Atakachoandika upya ni kazi ya saa moja tu. Kila kilo pale ni malipo ya mkulima.

• Snapshoti iliyo kwenye diski ileile haihesabiki kuwa nakala rudufu? Radi ikipiga au mwizi akibeba kompyuta, vyote vimekwenda. Wahalifu wanaofunga mafaili ili walipwe nao mara nyingi huanza kwa kufuta snapshoti.

• Kanuni ya 3-2-1 ilienezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh? Nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae mbali. Kwa ofisi ya AMCOS iliyoko Lupaso: kompyuta yenyewe, diski ya nje inayochomolewa kila baada ya kunakili, na nakala nyingine Masasi mjini au mtandaoni.

• Mtandaoni peke yake hakutoshi? Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani.

• Mwaka 1998 amri moja ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 studioni Pixar, na nakala rudufu za studio zikagundulika kuwa mbovu? Iliyowaokoa ni nakala aliyokuwa nayo nyumbani mfanyakazi wao, Galyn Susman.

Basi kabla msimu wa korosho haujaanza, chukua nakala yako, irudishe kwenye kompyuta nyingine, ufungue faili moja na usome tarakimu zake. Nakala isiyojaribiwa usiitegemee.