Herufi na Neno: Matumizi ya Kompyuta katika Uchunguzi wa Maandiko

Utangulizi

Wachungaji na wanafunzi wengi wa theolojia siku hizi hulitafuta neno la Biblia kwa kompyuta au kwa simu, badala ya kufungua itifaki. Jambo hilo ni jema, kwa maana kazi iliyochukua siku nzima sasa humalizika kwa dakika chache. Hata hivyo, hesabu iliyotolewa na mashine huweza kupelekwa mimbarani kama ushahidi kabla mhubiri hajajiuliza ni kitu gani hasa kilichohesabiwa. Katika makala hii tunakusudia kumweleza mtu asiyewahi kuandika programu jinsi kompyuta inavyoyashughulikia maandishi, na kuonyesha mahali ambapo kazi yake inakoma na kazi ya mfafanuzi inaanza.

1. Mfuatano wa herufi

Kwa kompyuta, maandishi ni alama zilizopangwa moja baada ya nyingine, mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi. Herufi, tarakimu, nukta, na hata nafasi tupu iliyo kati ya maneno, kila moja ni ushanga mmoja. Utungo huo mzima tutauita mfuatano wa herufi. Mashine haijui neno wala sentensi. Inajua tu ni alama ipi inayofuata ipi.

Hali hii si ngeni kwa wasomao Agano Jipya la Kiyunani. Katika hati za kale, kama vile Codex Sinaiticus ya karne ya 4, maneno yaliandikwa bila nafasi kati yake, na msomaji ndiye aliyetambua neno lianzie wapi na liishie wapi.

2. Kazi za msingi

Tuchukue neno upendo. Katika lugha ya programu iitwayo Python tunaandika hivi:

neno = "upendo"

Kazi ya kwanza ni kupima urefu: len(neno) hutupa 6. Kazi ya pili ni kukata kipande. Hapa anayeanza hana budi kukumbuka kwamba kompyuta huanza kuhesabu kwa 0, wala si kwa 1. Basi u ina namba 0, p ina namba 1, na o ya mwisho ina namba 5. Tukiandika neno[1:5], tunapata pend, yaani kuanzia namba 1 mpaka kabla ya namba 5. Kazi ya tatu ni kuunganisha: "m" + "pend" + "wa" hutupa mpendwa. Zimebaki kazi mbili, kutafuta na kubadilisha, nazo ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi.

3. Kutafuta

Tuseme mwanafunzi anataka kuandika juu ya upendo katika Agano Jipya la Kiswahili. Akitafuta upendo, mashine haitamletea alimpenda, wala wapendwa, wala tupendane, kwa sababu mifuatano hiyo ni tofauti. Lugha yetu huweka viambishi mbele na nyuma ya mzizi. Kwa hiyo atashauriwa atafute pend. Sasa atapata mengi, lakini miongoni mwake yatakuwamo kupendeza, pendekezo na upendeleo. Upendeleo ndio dhambi ambayo Yakobo anaionya katika sura ya 2 ya waraka wake, nayo mashine itaihesabu pamoja na upendo! Wakati huohuo mapenzi na mpenzi yataachwa nje, kwa kuwa d imegeuka kuwa z.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ilipungua, na ya pili imezidi upande mmoja na kupungua upande mwingine. Mashine haikukosea, ilitafuta herufi ilizoagizwa.

4. Kubadilisha na kusawazisha

Katibu wa usharika akitaka jina Ana liandikwe Anna katika daftari lote la washarika, huweza kuiamuru kompyuta ifanye hivyo mara moja. Itatii, na Anania atakuwa Annania, Anastazia atakuwa Annastazia, na maelezo yasemayo "Ana watoto watatu" yatasomeka "Anna watoto watatu". Vilevile "Neema" na "Neema " yenye nafasi tupu mwishoni ni mifuatano miwili, hata mama mmoja akaonekana kuwa washarika wawili.

Njia ya kawaida ya kuepuka tofauti za namna hiyo ni kuondoa nafasi za pembeni na kugeuza herufi zote kuwa ndogo. Lakini katika Maandiko herufi kubwa huweza kubeba maana. Katika Zaburi ya 110, aya ya 1, Kiebrania kina maneno mawili: Jina la Mungu, na neno la kawaida la bwana. Ambapo tafsiri imeyatofautisha kwa ukubwa wa herufi tu, usawazishaji huo unaifuta tofauti yote.

5. Hesabu na maana

Kuhesabu herufi si jambo la kudharauliwa. Wamasora walihesabu aya na maneno ya Agano la Kale ili kuyalinda yasiharibike katika kunakiliwa. Hesabu yao ilikuwa mlinzi wa maandishi.

Maana ni jambo jingine, na mapokeo yetu ya Kilutheri yana mfano ulio wazi. Katika Warumi 3:28 Martin Luther aliongeza neno lenye maana ya "peke yake" karibu na imani. Wapinzani walimlaumu kwamba neno hilo halimo. Katika waraka wake wa mwaka 1530 kuhusu kutafsiri, alikiri kwamba herufi nne za sola hazimo kweli, ila akashikilia kwamba maana ya Paulo na desturi ya Kijerumani zinalidai. Kompyuta ingewaunga mkono wapinzani wake, na kuhusu herufi ingesema kweli. Kama Luther alikuwa na haki au la ni swali linaloamuliwa kwa kumsoma Paulo.

Hitimisho

Kwa hiyo tunawashauri wasomaji mambo matatu. Kwanza, andika mfuatano ulioutafuta kabla ya kuandika idadi. Pili, soma kila aya iliyoletwa, na uondoe isiyohusika. Tatu, rudi kwenye Kiyunani au Kiebrania, kwa kuwa neno moja la Kiswahili huweza kusimama mahali pa maneno mawili ya asili. Washarika hawana njia ya kuikagua hesabu isemwayo mimbarani. Huipokea kwa kumwamini mchungaji wao. Imani hiyo yadai kwamba aliyeisema awe ameikagua kwanza.