Fistula: kupona hakuishii wodini

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Wiki hii nazungumzia maradhi ambayo mgonjwa hayafichi kwa kupenda kwake. Sisi ndio tunaomficha yeye. Nayo ni fistula ya uzazi.

Tuanze na chanzo chake, maana uzushi juu ya jambo hili ni mwingi. Mama anaposhikwa uchungu na mtoto akashindwa kupita, kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu cha mkojo, au njia ya haja kubwa, kwenye mfupa wa nyonga. Hali hiyo ikiendelea siku moja, mbili, hata tatu, damu haifiki pale. Nyama hufa, hunyofoka, na hubaki tundu. Mara nyingi mtoto naye huwa amekwisha kufa. Tangu hapo mkojo, na pengine choo, hujitokea wenyewe usiku na mchana. Si kurogwa, si laana, wala si malipo ya uzinzi. Ni kuchelewa kupata upasuaji.

Wala tusidhani kuchelewa ni kwa watu wa mikoa ya mbali tu. Kisarawe inapakana na Dar es Salaam. Lakini kwa mama wa kijijini aliyeshikwa uchungu usiku wa masika, barabara ikiwa tope, gari hakuna, na ruhusa ya mume ikisubiriwa, Dar es Salaam ni mbali mno.

La kushukuru ni kwamba fistula hutibika. Hospitali ya CCBRT, Msasani, inafanya upasuaji huu tangu mwaka 2003, bila malipo. Mwaka 2009 ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa, ili mgonjwa asikwame kwa kukosa pesa ya basi. Tena mama akiwahi hospitali mara mkojo unapoanza kuvuja, tundu dogo huweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa, bila kisu.

Basi kazi imebaki wapi? Kwa maoni yangu, imebaki siku mama anaporudi nyumbani. Wodini ameambiwa anywe maji mengi, asibebe mizigo mizito, asikutane na mume kwa miezi mitatu hadi sita, na akipata mimba tena ajifungulie hospitali kwa upasuaji. Mafundisho mazuri, lakini aliyefundishwa ni yeye peke yake. Mume hakuwapo. Mama mkwe hakuwapo. Mkunga wa jadi hakuwapo. Je, ndoo ya maji ataibeba nani? Na huyo aliyenyanyapaliwa miaka yote atapata wapi ubavu wa kumwambia mumewe, "Daktari amesema miezi sita"? Mshono ukifumuka, majirani watasema, "Si tulisema amerogwa?"

Kwa hiyo elimu hii lazima imfuate mama hadi Kibaha na Kisarawe vijijini. Wahudumu wa afya wa jamii wapo. Mikutano ya vijiji ipo. Na sisi wa Pwani tuna kungwi, anayesikilizwa na mwali kuliko daktari. Kungwi huyo akifundisha kwamba jua lisichwe mara mbili mama akiwa bado katika uchungu, atakuwa ameokoa wengi. Wanaume nao waambiwe waziwazi, si kwa mafumbo.

Nawe wa mjini usiseme hayakuhusu. Wangapi tuna viwanja Kibaha na mashamba Kisarawe? Anayekulindia shamba ana mke, ana binti. Umoja wa Mataifa huadhimisha siku ya kutokomeza fistula kila Mei 23, tangu mwaka 2013. Usingoje Mei. Jumapili hii ukienda shambani, uliza kwa heshima kama yuko mama asiyetoka nje. Ukimpata, mwambie mambo mawili: hukurogwa, na matibabu ni bure. Kisha zungumza na mumewe.