Bates au Bowdoin? Hesabu ya mwezi wa nne katika nyumba za Wakongo wa Maine

Kila mwaka, mwezi wa nne unapofika, maelfu ya vijana nchini Marekani hukaa na barua za vyuo mkononi na siku chache tu za kuamua. Kwa vyuo vingi, tarehe 1 ya mwezi wa tano ndiyo siku ya mwisho ya kujibu. Katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, uamuzi huo sasa unafanyika pia katika nyumba ambamo watu wanaongea Kilingala, Kifaransa na Kiswahili.

Wakongo si wageni tena Maine. Katika mwezi wa sita wa mwaka 2019, waomba hifadhi zaidi ya 400, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walifika katika mji wa Portland kwa muda mfupi, na viongozi wa mji wakawalaza katika ukumbi wa michezo wa Expo. Watoto waliofika wakati huo wakiwa shule ya msingi sasa wanafikia umri wa kuingia chuo.

Karibu na familia hizo kuna vyuo viwili vidogo vyenye jina kubwa: Bates, katika mji wa Lewiston, na Bowdoin, katika mji wa Brunswick. Kutoka kimoja hadi kingine ni kama kilomita 30 tu. Kila kimoja kina wanafunzi wasiofika 2,000, na waombaji wengi hukataliwa. Kijana aliyekubaliwa na vyote viwili ana bahati, lakini hapo ndipo mjadala wa nyumbani unapoanza.

“Utatoka huko ukiwa nani?”

Swali la kwanza la mzazi wa Kikongo kwa kawaida halihusu jina la chuo. Ni hili: utatoka huko ukiwa nani?

Swali hilo lina sababu. Nchini Kongo, kijana aliyefaulu Exetat huchagua fakulte mara moja. Anayetaka kuwa daktari anaingia fakulte ya tiba, Kinshasa, Lubumbashi au Goma, na tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita “dokta”. Anayetaka sheria anaingia sheria. Njia inajulikana tangu mwanzo.

Bates na Bowdoin ni vyuo vya aina nyingine, vinavyoitwa vyuo vya sanaa huria. Jina hilo lenyewe huwatisha wazazi, kwani wakisikia “sanaa” wanafikiria uchoraji na michezo ya kuigiza. Ukweli ni kwamba wanafunzi wa huko wanasoma kemia, hesabu, uchumi, biolojia, historia na falsafa. Tofauti ni kwamba mwanafunzi haingii fakulte moja siku ya kwanza. Anachukua masomo ya namna mbalimbali, kisha anatangaza somo lake kuu mwaka wa pili unapoelekea mwisho.

Hakuna fakulte ya tiba Bates wala Bowdoin. Bowdoin iliwahi kuwa nayo tangu 1820, ikafungwa mwaka 1921. Lakini Marekani haimpeleki kijana kwenye tiba moja kwa moja kutoka sekondari. Anasoma miaka 4 ya chuo, akichukua biolojia, kemia na fizikia, ndipo anaomba shule ya tiba, ambayo ni miaka 4 mingine, halafu mafunzo ya hospitali. Kwa hiyo jibu la kumpa mzazi ni kwamba mtoto atatoka na diplome ya miaka 4 inayomfungulia mlango wa pili. Huo mlango wa pili una gharama yake, na ndiyo maana deni la mlango wa kwanza lazima litazamwe kwa makini.

Bei ya kwenye karatasi na bei ya kweli

Vyuo vyote viwili vinatangaza gharama ya zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, yaani minervali, bweni na chakula. Mzazi anayefanya kazi ya usafi au kiwandani akiona namba hiyo anaweza kufunga barua na kusema mambo yameisha. Hapo ndipo familia nyingi hupotea. Vyuo hivi viwili vinaahidi kufunika hitaji lote la familia kama lilivyothibitishwa kwa nyaraka za kipato, na familia yenye kipato kidogo inaweza kulipa sehemu ndogo sana ya bei hiyo.

Lakini barua mbili za msaada hazisomwi kwa kutazama mstari wa mwisho peke yake. Huu ni mfano wa hesabu tu, si barua ya chuo chochote. Chuo cha kwanza kinaitaka familia ilipe dola 7,000 kwa mwaka, bila mkopo wowote. Chuo cha pili kinataka dola 4,000, lakini ndani ya “msaada” wake kimeweka mkopo wa dola 5,500. Kwa haraka, cha pili kinaonekana rahisi. Ukihesabu vizuri, cha pili kinagharimu dola 9,500 kwa mwaka. Kwa miaka 4, hali ikibaki hivyo, cha kwanza ni dola 28,000 na cha pili ni 38,000, na kati ya hizo 22,000 ni deni la mtoto, kabla ya riba.

Hapa Bowdoin ina jambo la kujulikana: tangu 2008 iliondoa mikopo katika msaada inaoutoa na kuweka ruzuku mahali pake. Kwa barua ya Bates, kama kwa chuo kingine chochote, ni lazima kutenganisha mistari mitatu: ruzuku ambayo hairudishwi, mkopo unaorudishwa, na kazi ya chuoni. Hiyo ya tatu si punguzo. Ni mshahara ambao mwanafunzi ataupata akifanya kazi, mara nyingi maktaba au jikoni.

Kuna pia suala la karatasi za ukaazi. Anayesubiri bado uamuzi wa hifadhi hapati msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani. Hivyo pesa ya chuo chenyewe ndiyo inayoamua. Mwaka 2022 Bowdoin ilitangaza kwamba uwezo wa familia kulipa hautazamwi wakati wa kuamua nani akubaliwe, hata kwa wanafunzi wa kigeni.

Na kama mambo nyumbani yamebadilika baada ya fomu kujazwa, kwa mfano baba amepoteza kazi au mtoto mwingine amezaliwa, familia ina haki ya kuiandikia ofisi ya msaada na kuomba hesabu ifanywe upya. Kuomba hivyo hakumnyimi mtoto nafasi aliyopewa.

Historia mbili, miji miwili

Ikiwa pesa zinakaribiana, ndipo mengine yanapimwa.

Bates ilianzishwa mwaka 1855 na Wakristo waliopinga utumwa, na ilipokea wanawake tangu mwanzo. Benjamin Mays, mtoto wa wazazi waliozaliwa utumwani, alihitimu hapo mwaka 1920. Baadaye aliongoza chuo cha Morehouse na akawa mlezi wa Martin Luther King. Karibu kila mwanafunzi wa Bates huandika tasnifu kabla ya kumaliza, na mwishoni mwa mwaka kuna kipindi kifupi ambacho mtu husoma somo moja tu.

Bowdoin ni ya mwaka 1794. John Russwurm, Mweusi wa kwanza kuhitimu hapo, mwaka 1826, alishiriki kuanzisha gazeti la kwanza la Weusi Marekani, kisha akahamia Liberia. Wanawake walianza kupokelewa mwaka 1971. Chuo kina kituo cha utafiti wa bahari katika pwani ya Harpswell, jambo zuri kwa anayependa biolojia.

Miji nayo haifanani. Lewiston ni mji wa viwanda vya zamani vya nguo, uliojengwa na wafanyakazi waliotoka Quebec wakiongea Kifaransa, na tangu 2001 umepokea Wasomali wengi. Brunswick ni mji mdogo zaidi, lakini treni ya kutoka Boston kupitia Portland inaishia hapo.

Treni hiyo si jambo dogo. Katika familia nyingi za wahamiaji, mtoto mkubwa ndiye mkalimani wa nyumba. Ndiye anayemsindikiza mama hospitalini, anayesoma barua ya mwenye nyumba, anayejibu simu ya shule ya wadogo zake. Akiondoka, pengo linabaki. Familia ya Portland inaweza kuona heri Brunswick, ambako mtoto anaweza kurudi kwa treni. Familia ya Lewiston inaweza kuona Bates ni karibu mno, kwani binti akiitwa nyumbani kila jioni hataandika hiyo tasnifu.

Jambo hilo haliandikwi kwenye barua ya chuo, na ndiyo sababu linapaswa kusemwa mezani mapema: nani atachukua kazi ya ukalimani, siku zipi mtoto atarudi, na siku zipi ataachwa asome. Familia zilizokubaliana juu ya hilo, zikiwa zimeweka barua mbili pamoja na kalamu ya kuhesabia, zitakuwa zimefanya sehemu kubwa ya kazi kabla tarehe 1 ya mwezi wa tano haijafika.