Udongo Uliosamehewa

Msafiri atokaye Bukavu kwa barabara ya kaskazini, akisha kuziacha nyumba za mwisho za mji, na akiliona Ziwa Kivu likijificha na kujitokeza upande wake wa kuume, hufika Miti kabla ya kutimiza kilomita 30, na hapo njia hugawanyika: moja yaendelea Kavumu penye uwanja wa ndege, na Katana, na Kalehe, hata Goma, ya pili yapinda kushoto, yapanda Tshivanga, yaupenya msitu wa Kahuzi-Biega na kuteremka Bunyakiri, Hombo na Walikale. Watu wa njia panda huijua dunia kwa mizigo ipitayo mbele ya vibaraza vyao. Mkaa, maharagwe, ndizi, mbao: hiyo haina siri. Lakini tangu mwaka 2000, bei ya tantali ilipopaa ghafla katika masoko ya dunia, na watu kwa maelfu wakaingia kuitafuta hata ndani ya mbuga, ambayo ilikwisha kuandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1980 na katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1997, tumezoea kuona gunia la namna nyingine, fupi, lisilofika goti la mtu mzima, ambalo hata hivyo huteremshwa na wanaume wawili wakitweta. Uzito huo ni wa koltani, madini yatoayo tantali. Walakini mna jambo jingine ndani ya gunia hilo, lisilolemea bega wala kudhihiri machoni, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Koltani haikuumbwa peke yake. Ndani ya chembe zake mna urani na thori, zilizofungwa humo tangu miamba ilipopoa, nazo hazina haraka ya kuondoka: nusu ya urani yahitaji miaka bilioni 4.5 ili ijigeuze, na nusu ya thori miaka bilioni 14. Kiasi chake hutofautiana kilima na kilima, hata shimo na shimo, na kwa hiyo wafanyabiashara wa dunia wamewekewa mpaka. Kanuni za usafirishaji za Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki zasema kwamba madini ya asili ambayo urani au thori yake haizidi bekereli 10 kwa kila gramu (bekereli ni atomi moja kupasuka katika sekunde moja) yamesamehewa, na yatasafiri kama usafirivyo mzigo wowote. Yazidiyo hapo, na koltani nyingine ya Kongo yazidi, yatabandikwa alama na kufungwa na masharti ya shehena ya mionzi.

Neno hilo, msamaha, sina ugomvi nalo. Lau kila chenye mionzi kingepigwa marufuku, tusingekula ndizi, kwa kuwa potasi iliyomo humo nayo ina mionzi yake, wala tusingejenga kwa matofali. Hakuna sheria ya mionzi isiyokuwa na mlango wa msamaha, na mwenye akili hataki mlango huo uzibwe. Ninalosaili ni hili: kabla ya kufunguliwa, ni nani aliyekwenda kupatazama mahali penyewe, akaandika alichokiona, na maandishi yale akayaweka wazi ili jirani ayasome?

Liko jangwa moja mbali nasi ambalo swali hili huulizwa kila mara, nalo ni wilaya ya Andrews, katika jimbo la Texas, mpakani mwa New Mexico, ambapo kampuni iitwayo Waste Control Specialists huzika taka za mionzi ndani ya udongo mwekundu wa mfinyanzi. Sheria ya Marekani iliweka kwamba mahali penye gramu zaidi ya 350 za urani-235 pahitaji leseni ya serikali kuu, kwa kuhofia kwamba gramu nyingi zikikutana pamoja zaweza kuwasha moto wa atomi usiozimika kwa maji. Kampuni ikaomba isipimwe kwa jumla ya gramu zilizomo uani mwake, bali kwa ukolezo wa kila fungu la taka, ikitoa hoja kwamba gramu zilizotawanyika ndani ya udongo mwingi hazikutani. Mwaka 2001 Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ikaikubalia. Lakini kwa kuwa sheria ya mazingira iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970 haitofautishi kati ya kuruhusu na kusamehe, tume ile ilipokuja kuurekebisha msamaha ililazimika kuandika mapitio: maji yaliyo chini ya ardhi, wafanyakazi, malori yaingiayo, na hata matokeo ya kukataa; kisha ikayatangaza katika gazeti la serikali. Wako wanaoyapinga mapitio hayo, na ni haki yao, lakini apingaye ana karatasi mkononi ya kupingia.

Sikulichagua jangwa lile kwa kubahatisha. Udongo wa Kongo umezikwa huko. Urani ya Shinkolobwe, huko Katanga, iliyogunduliwa mwaka 1915 na kuchimbwa na Union Minière, ilikuwa na ukolezo usiokuwa na mfano duniani. Na mkuu wa kampuni ile, Edgar Sengier, alikwisha kupeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo katika ghala la Staten Island, New York, kabla ya majemadari wa Marekani kuja kumwuliza kama anayo. Urani ilipokwisha kukamuliwa, yalibaki masalio yaliyojaa radi (radium), ambayo nusu yake hudumu miaka 1,600, nayo yakawekwa katika maghala ya saruji huko Fernald, Ohio, kwa zaidi ya miaka 50, hata wakazi wa kandokando wakalalamika na kusikilizwa. Hatimaye yakachanganywa na saruji, yakatiwa katika mapipa ya chuma yazidiyo 3,700, yakapakiwa malorini mwaka 2005 na 2006, na mwaka 2009 yakazikwa Andrews, ndani ya uzio wa kampuni niliyoitaja. Kila pipa lilihesabiwa. Barabara lililopitia ilijulikana, na kaburi lake lina ramani.

Na pale udongo huo ulipotoka je? Mashimo ya Shinkolobwe yalizibwa kwa saruji ukoloni ulipokuwa unakunja jamvi. Miaka ikapita, kobalti ikapata bei, na watu wakarudi na masepetu. Januari 2004 amri ya rais ikakifunga kilima. Julai mwaka uo huo sehemu yake ikaporomoka, ikaua watu 8 waliokuwa wakichimba mahali palipofungwa. Kisha mwaka 2007, shehena ya mawe yenye mionzi iliyokamatwa Likasi, na kuamriwa irudishwe katika mashimo ya zamani, ikamwagwa katika mto Mura.

Turejee Kivu. Asitokee mtu wa kusema kwamba Kongo haina sheria. Sheria namba 017 ya tarehe 16 Oktoba 2002 yahusu kujikinga na hatari za mionzi. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 yataka uchunguzi wa athari kabla ya kazi kubwa kuanza. Na tangu 2014 iko idara mahsusi ya kuupima uchunguzi huo. Kampuni itakayo kuchimba yatakiwa kuleta kitabu kizima. Mchimbaji wa mikono hatakiwi. Yeye hupewa kadi na kanuni za mwenendo mwema. Hii nayo ni rehema, na ilitungwa kwa insafu, maana ni nani angemdai mtu mwenye sepetu na karai uchunguzi wa kurasa 300? Taksiri yaanza pale watu wenye sepetu wanapotimia elfu juu ya mgongo mmoja wa kilima. Kila mmoja wao amesamehewa peke yake, na kilima, ambacho sheria haikukiita jina, kimesamehewa pamoja nao. Andrews waliacha kuhesabu jumla wakahesabu ukolezo, lakini waliandika kwa nini. Sisi jumla imetuponyoka bila ya mtu kuandika.

Fauka ya hayo, bekereli 10 za gunia ni kipimo cha safari: chamlinda dereva, rubani na mchukuzi wa bandarini, ambao hukaa na mzigo uliofungwa kwa saa au siku. Hakikutungwa kwa ajili ya atwangaye. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi, uliofanywa na wataalamu wa kanda yetu hii, juu ya wachimbaji wa koltani wa Masisi, kaskazini ya ziwa kwa njia ya Goma, nao wastahili kusomwa katika kila kituo cha afya. Waliigawa kazi hatua kwa hatua, wakakadiria kila hatua yamletea mtu mionzi kiasi gani kwa mwaka. Aoshaye koltani kwa maji hupata kiasi kisichofaa hata kutajwa. Asagaye na kuchekecha aweza kupata milisiveti 18. Mpaka wa mtu wa kawaida, kwa kanuni za kimataifa, ni milisiveti 1; ule wa mfanyakazi wa mionzi, ambaye huvaa kipimo kifuani na kuchunguzwa na daktari, ni wastani wa 20. Basi yupo ndugu yetu anayefanya kazi ya mtambo wa nyuklia kwa kipande cha chuma na chekecheo, na jina la kazi hiyo hajaambiwa.

Sababu ya tofauti hiyo ni vumbi. Mionzi mingi ya urani na thori haiwezi kupenya hata ngozi. Ikiingia mapafuni pamoja na vumbi hukaa humo na kuchoma kwa muda mrefu. Huko Kamituga, kwenye dhahabu, wanawake watwangao mawe wamepewa jina la mama twangeze, kitenzi chetu kilichotiwa mkia wa Kifaransa, na jina limekaa vizuri hata limesahaulika kuwa ni la juzi. Watoto hulala migongoni mwao wakati mchi unapopanda na kushuka. Dhahabu si koltani, lakini mchi ni ule ule, na vumbi hupanda vile vile.

Yaliyo taka na yasiyo taka, nayo hutegemea mahali yalipoangukia. Kiwanda cha Fansteel, huko Muskogee, Oklahoma, kilisafisha tantali toka 1957 hata 1989, na mabaki yake yenye urani na thori, yaliyoachwa katika mabwawa kando ya mto Arkansas, yaliitwa taka za mionzi, yakawa na leseni, na mabishano ya miaka mingi juu ya nani atakayelipa kuyaondoa. Mchanga mzito unaobaki penye jiwe la kusagia, juu huko Kalehe, huzolewa kwa mguu hadi kijitoni.

Nijuavyo, wa kuyaangalia mambo haya si lazima watoke ng'ambo. Kutoka Miti hadi Lwiro ni mwendo mfupi, na huko, katika majengo yaliyoanzishwa mwaka 1947 kwa ajili ya utafiti wa Afrika ya Kati, wangaliko wataalamu wetu wanaosikiliza matetemeko ya ardhi na kuandika kila mtikisiko, vita vikiwapo au visiwepo. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Kavumu na kisha Bukavu, mwenye kungojea mkaguzi kutoka Kinshasa atangojea sana. Wapewe watu wa Lwiro kipimo cha mionzi na daftari. Waanze na mahali pa kusagia, si na kilima, kwa kuwa ndipo penye ile 18; waandike kwa Kiswahili na kwa Kimashi, na maandishi yabandikwe sokoni hapa njia panda, ambapo magunia hupita. Na wakati kalamu zikitafutwa, ndoo ya maji yaweza kumwagwa juu ya mawe kabla mchi haujashuka, leo hii, bila ya amri ya mtu.